MGENI NJOO, LAKINI MWENYEJI APONE

Shilingi ya Mtalii Sharti Ilale Kijijini

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama na wananchi wa kijiji kimoja cha mlimani, upande wa Marangu, Kilimanjaro. Tunayachapa kwa ukamilifu kwa kuwa jambo lililozungumzwa huko lazihusu pia sehemu nyingine nyingi za nchi yetu ambako wageni hupita.)



Shauri lililo mbele yetu ni zito, na jua nalo halitungoji. Nyote mmekwisha kusikia kwamba yuko mfanyabiashara wa mjini anayetaka kununua vihamba vitatu vilivyo juu ya maporomoko yetu ya maji, apate kujenga nyumba ya kulaza watalii. Bei aliyoitaja ni kubwa, na wenye vihamba wanasitasita. Vijana wengi wasema, "Tumwuzie, kazi zitapatikana." Wazee wengi wasema, "Asiuziwe, na hao watalii nao wapite zao huko huko barabarani." Mimi nimesimama kuzipinga rai zote mbili, na nitaeleza kwa nini.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna mtoto hapa asiyeijua methali hiyo. Lakini kila siku twaikariri nusu ya kwanza na kuisahau nusu ya pili. Mgeni amekuja. Tangu zamani amekuja, na bado anakuja. Mwaka 2024 nchi yetu ilipokea wageni zaidi ya milioni 2 kutoka nje. Swali ambalo mkutano huu unapaswa kulijibu ni hili: mwenyeji amepona? Na kama hajapona, afanye nini ili apone bila ya kuuza kitanda anacholalia?

MLIMA HUU NA SISI

Hapana budi tuanze na historia, kwa sababu biashara hii si mpya kwetu. Mwezi Oktoba mwaka 1889, Mjerumani Hans Meyer, pamoja na mwenzake Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walifika kileleni Kibo. Vitabu vya Ulaya viliandika kwamba watu hao wawili ndio walioushinda mlima. Lakini walipita wapi? Walipita hapa Marangu, kwa Mangi Mareale. Mizigo yao ilibebwa na nani? Ilibebwa na Waafrika. Wazee wa Marangu mpaka leo humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Basi jasho lilikuwa letu, na kilele kikapewa jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm.

Jina hilo halikudumu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika na kuwasha Mwenge juu kabisa, nacho kilele hicho, chenye urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, kikaitwa Uhuru. Siku hiyo tuliupata mlima wetu kwa jina. Kuupata kwa chakula, kwa ada ya shule na kwa bati la nyumba, hiyo ni kazi nyingine, na kazi hiyo bado haijakwisha.

Tena tusisahau kwamba watu wa vijiji vya juu wamelipa gharama kwa ajili ya mlima huu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili ili wananchi wa chini yake wapate kuni, mbao na majani ya ng'ombe. Mwaka 1973 sehemu ya juu ya mlima ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa; mwaka 1977 ikafunguliwa kwa wageni; mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia; na mwaka 2005 msitu wa hifadhi nao ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Akina mama waliomo humu wajua maana ya tarehe hiyo ya mwisho kuliko mimi, kwa kuwa wao ndio wenye kutafuta majani na kuni.

Sisemi kwamba kulinda msitu ni kosa. Sisi ndio tunaokunywa maji yake. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya sehemu nane katika kumi tangu mwaka 1912, na mwenye akili hawezi kuona jambo hilo kisha akachukua shoka kwenda kukata miti. Ninalosema ni kwamba aliyetoa kitu apate kitu. Mwananchi aliyeuacha msitu kwa faida ya taifa na ya dunia nzima ana haki ya kuuliza fungu lake liko wapi.

TUHESABU SHILINGI

Sasa tuingie katika hesabu. Mwaka 2009 wachunguzi wa Overseas Development Institute ya London, pamoja na shirika la SNV la Uholanzi, walitoa taarifa juu ya fedha za watalii katika sehemu za kaskazini ya Tanzania. Waliona kwamba wapandaji wa Kilimanjaro walikuwa kati ya 35,000 na 40,000 kwa mwaka, na wapagazi walikadiriwa kufika 10,000. Wakafuata fedha ya mpandaji mkono kwa mkono. Katika kila shilingi 100 alizotumia ndani ya nchi, shilingi 28 ziliwafikia watu wa hali ya chini, yaani wapagazi, wapishi, waongozaji, wakulima na wachuuzi. Katika safari za kutazama wanyama zilikuwa 18 tu.

Wachunguzi hao walisema 28 katika 100 si haba ukilinganisha na nchi nyingine, na mimi nawasadiki. Lakini mtu mwenye njaa halinganishi sahani yake na ya jirani aliye na njaa zaidi. Tuulize zile 72 zimekwenda wapi. Nyingine ni kiingilio cha Hifadhi, na hiyo ni fedha ya taifa, hatuna ugomvi nayo. Nyingine ni faida ya makampuni, kodi ya magari, mafuta, hoteli za mjini, na vyakula vilivyotoka mbali. Na kumbukeni kwamba hesabu hiyo ni ya fedha iliyotumika ndani ya nchi. Nauli ya ndege na fedha ya wakala wa huko Ulaya au Marekani haikuwahi hata kuonja vumbi la hapa.

Kwa hiyo mimi naleta kipimo kimoja tu, na naomba tukichukue sote. Mtu akija na mpango wowote wa utalii katika kijiji hiki, tusimwulize ataleta wageni wangapi. Tumwulize: katika kila shilingi 100 atakayolipa mgeni, ngapi zitalala hapa kijijini? Gari ishirini zikipita na kutuachia vumbi, hizo ni gari ishirini za hasara. Gari moja likisimama, watu wanne wakashuka, wakala ndizi zetu, wakatembea na kijana wetu, wakanunua kahawa ya shamba letu, hiyo ni faida, hata kama ni ndogo. Haba na haba hujaza kibaba.

KAHAWA ILITUFUNDISHA NINI

Wako wanaosema mambo ya utalii ni makubwa, yataka wenye mitaji na elimu ya kizungu, sisi wakulima hatuyawezi. Maneno hayo ni ya zamani. Ndiyo walioambiwa babu zetu juu ya kahawa. Walowezi walidai Mwafrika hawezi kulima kahawa safi, ataleta magonjwa katika mashamba ya wengine. Wakulima wakajibu kwa vitendo. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima wa Kilimanjaro, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika ambao umetajwa katika Afrika nzima. Shule ngapi za mlima huu zilijengwa kwa kahawa? Ni vijana wangapi walisomeshwa kwa kahawa?

Siri yake ilikuwa nini? Mkulima mmoja mwenye gunia moja, akimkabili mnunuzi peke yake, hutajiwa bei na kuipokea. Wakulima mia wenye magunia mia, mizani yao na karani wao, hukaa mezani na kuizungumza bei. Hiyo ndiyo siri yote.

Leo katika utalii sisi tuko pale kahawa ilipokuwa kabla ya mwaka 1925. Kijana mmoja anasimama barabarani, anamkimbilia mgeni, "Nitakupeleka maporomokoni kwa shilingi elfu kumi." Mwingine anadakia, "Mimi elfu tano." Wa tatu, "Nipe chochote." Wanashindana kushuka mpaka mgeni mwenyewe anaona haya. Kisha wote watatu wanarudi nyumbani bila kitu na kulaumu serikali. Huku si kufanya biashara, huku ni kunyang'anyana umaskini.

Lakini kwa kuwa nasifu ushirika, niseme na ubaya wake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na viliporudi miaka ya 1980 vingi vilikuta nyumba imeingia panya. Madeni yakapanda, hesabu zikapotea, mkulima akalipwa karatasi badala ya fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tukianzisha ushirika wa wageni, daftari litangulie kabla ya mgeni wa kwanza.

TUNA NINI CHA KUUZA?

Kilele si chetu kukiuza; kiko ndani ya Hifadhi, na kina taratibu zake. Lakini fikirini jambo moja ambalo liko machoni mwetu na hatulioni. Mpandaji wa njia ya Marangu hukaa mlimani siku tano au sita, akilala vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Karibu kila mmoja wao ana siku moja kabla ya kupanda, ambayo hana la kufanya ila kungoja. Na wengi wana siku moja baada ya kushuka, ambayo miguu inauma na moyo umefurahi. Siku hizo mbili hazina mwenyewe. Hakuna kampuni iliyozinunua. Hizo ndizo bidhaa zetu.

Tutamwonyesha nini? Tutamwonyesha kihamba, yaani migomba, kahawa, viazi vikuu na miti ya kivuli juu yake, vyote katika shamba moja, pamoja na ng'ombe zizini na samadi yake inayorudi shambani. Wataalamu hutoka ng'ambo kuja kujifunza kilimo hicho, nasi twakiona ni kitu cha kawaida. Tutamwonyesha mifereji ya asili, ile mifongo iliyochimbwa na mababu kwa jembe na akili, ikapitisha maji ubavuni mwa mlima bila ya injinia. Tutampeleka kwa wahunzi, ambao bado wafua chuma. Atachuma kahawa mbivu, ataikoboa, ataikaanga chunguni, ataitwanga kinuni, kisha ataketi ainywe. KNCU yenyewe ilipata kufanya jambo la namna hiyo kwa wakulima wake, kwa jina la Kahawa Shamba. Hatuanzi gizani. Tena tangu mwaka 1995, sehemu za Arusha na kwingineko zimekuwa na mpango wa utalii wa utamaduni, ulioanzishwa kwa msaada wa SNV na Bodi ya Utalii, ambao wanakijiji wenyewe ndio waongozaji na fungu la kijiji hutengwa katika malipo ya mgeni.

Natoa mfano wa hesabu, ili kila mtu auhesabu kwa vidole vyake. Tuseme mgeni analipa shilingi 30,000 kwa matembezi ya siku moja pamoja na chakula. Mwongozaji apate 8,000. Akina mama wapishi wapate 8,000. Mwenye kihamba na kahawa apate 6,000. Mfuko wa kijiji upate 6,000. Matengenezo ya njia yapate 2,000. Jumla ni 30,000, na hakuna hata senti iliyoshuka mlima. Tukipata wageni 10 kwa juma, kwa majuma 40 ya mwaka, wageni ni 400, na fedha ni shilingi milioni 12. Katika hizo, mfuko wa kijiji una 2,400,000 na njia ina 800,000. Huo si utajiri. Lakini ni dawa katika zahanati, ni madawati, ni daraja la miti pale kijitoni ambapo watoto huvuka kwa hofu kila masika. Na tumeupata bila kuuza hatua moja ya ardhi.

MAPUMZIKO SI YA MZUNGU PEKE YAKE

Wengi wakisikia neno mtalii, machoni wanaona mtu mweupe mwenye mkoba mgongoni. Hili ni kosa la kikoloni lililobaki vichwani. Mgeni wetu mkubwa kuliko wote ni mtoto wetu mwenyewe. Kila mwezi wa Desemba mabasi yanatoka Dar es Salaam yamejaa, na magari madogo yanafuatana kama siafu. Watoto wetu wanarudi kula Krismasi nyumbani. Wana fedha mfukoni na hamu ya kupumzika. Wanazitumia wapi? Wananunua soda iliyotoka mjini na bia iliyotoka mjini, kisha wanarudi mjini kabla ya mwaka mpya haujapoa. Kijiji kinabaki na chupa tupu.

Tuwafanyie mahali. Uwanja wa mpira tuusawazishe, ili siku ile ya sikukuu vijana wa hapa wapambane na watoto wa mjini, na watu walipe kiingilio kidogo. Njia ya maporomokoni iwekewe ngazi za mawe na mbao za kushikia, ili hata bibi aweze kushuka. Pawe na mahali pa kukaa, pa kuchoma nyama, pa kunywa mbege safi iliyopikwa na akina mama kwa utaratibu. Wanafunzi wa shule walete darasa zima kwa bei ya chini kabisa. Mwananchi asilipe sawa na mtu wa ng'ambo, na mwanakijiji asilipe kabisa kwenda kutazama maji ya kwao.

Nasema hivi kwa sababu mkulima naye ni binadamu, apumzike. Kijiji kisicho na uwanja, ngoma wala mahali pa kukutana, vijana wake hukikimbia, hata kama kuna ndizi za kutosha. Tukijenga mahali pa mapumziko kwa ajili yetu, mgeni atapapenda kwa sababu sisi wenyewe twapapenda.

ARDHI HAIUZWI

Sasa nije kwenye vile vihamba vitatu. Ndugu zangu, fedha ya kihamba hulika mara moja. Mwaka wa kwanza ni pikipiki na bati. Mwaka wa pili ni ada. Mwaka wa tatu mwenye kihamba ataomba kazi ya kufagia katika ardhi aliyozikwa baba yake. Na si yeye tu. Yule aliye juu ya maporomoko ndiye mwenye maji na ndiye mwenye njia. Akijenga ukuta, sisi sote tutakuwa wageni wa maporomoko yetu.

Sheria inatulinda tukitaka kulindwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na Halmashauri haina ruhusa ya kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa kijiji. Maana yake, si mwenyekiti, si katibu, wala si wazee watatu chini ya mti, wanaoweza kukaa usiku na kuigawa ardhi. Ni ninyi mnaonisikiliza. Na mtu asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji unaokubaliwa kisheria, hivyo tuwe macho na mtu wa kwetu anayekuja kuwa kivuli cha mwingine.

Lakini hapa naachana na wazee wangu, kwa heshima zote. Kumfukuza huyu bwana si dawa. Yeye ana fedha za kujenga, sisi hatuna. Basi tumwambie hivi: ardhi haiuzwi, lakini mapatano yawezekana. Asiguse vihamba vya juu ya maji. Apangishwe mahali pengine tutakapopachagua, kwa miaka iliyoandikwa, na ikiisha ardhi na nyumba virudi kwa wenyewe. Mbali ya kodi ya mwaka, alipe kijiji kiasi fulani kwa kila mgeni kwa kila usiku atakaolala, na daftari lake la wageni liwe wazi kwa karani wetu. Ndizi, mayai, maziwa, mboga na kahawa anunue kwanza hapa. Matembezi yote yaongozwe na ushirika wetu. Njia na maji vibaki vya wote. Na mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti katika mkutano kama huu, kabla mtu hajatia sahihi. Akikubali, ni mwenzetu. Akikataa, tutakuwa tumejua alikuja kwa nia gani.

HESHIMA YA MFANYA KAZI

Mwaka 1970, vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizusha mjadala mkubwa magazetini. Waliuliza kama utalii wafaa katika nchi inayojenga ujamaa, na kama hautawazoeza wananchi tabia ya kuinamia wenye fedha. Wako waliowacheka. Mimi siwacheki. Nimewaona watoto wakikimbilia magari wakiomba peremende na kalamu, na nimeona mtu mzima akimwita kijana mdogo "bosi" kwa sababu ya bakshishi. Mambo hayo ni utumwa wa moyo, na hayaondoki kwa bendera.

Dawa yake ni kuuza kazi kwa bei iliyo ubaoni na kwa risiti. Aliyelipwa haki yake haombi. Mtoto anayeona baba yake akiheshimiwa kwa ujuzi wake hatakimbilia gari. Na wazazi, wekeni sheria hii leo: mtoto wa shule asionekane barabarani akiomba.

Juu ya wapagazi, vijana wetu wenyewe hujiita wagumu, na kweli ni wagumu. Kanuni za Hifadhi zinasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20. Mizani iko langoni. Lakini mizani haisemi juu ya viatu vilivyotoboka, koti jembamba katika baridi ya Horombo, wala mshahara unaocheleweshwa baada ya kushuka. Mpagazi mmoja akilalamika, kesho haitwi tena. Wote wakilalamika kwa sauti moja, hapana safari. Naomba wagumu wa kijiji hiki wajiandikishe pamoja, wawe na mwakilishi wao, na kila mmoja ajue haki yake kabla hajatia mzigo kichwani.

TUSISIMAME KWA MGUU MMOJA

Neno la tahadhari. Mwaka 2019 nchi ilipata wageni zaidi ya milioni 1.5. Mwaka uliofuata, 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, hawakufika hata laki 7. Ndege zilisimama, lango likawa kimya, na wako vijana waliouza viatu vyao vya kupandia mlima. Nani aliyesalimika? Aliyekuwa na migomba. Mgeni ni kitoweo. Ndizi ndiyo chakula. Asiwepo mtu atakayeng'oa mgomba ili apande kibanda cha vinyago. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutueleza kwamba fedha ni tunda la maendeleo, wala si mzizi wake. Mzizi ni watu na kazi yao.

MAAZIMIO

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu usiishie katika kupiga makofi. Naleta mambo matano yapigiwe kura.

Kwanza, vihamba vya juu ya maporomoko visiuzwe, na mfanyabiashara aliyeviomba apelekewe masharti ya kupangisha niliyoyataja.

Pili, uundwe ushirika mmoja wa matembezi, wenye bei moja iliyoandikwa ubaoni, na atakayeuza chini ya bei hiyo aondolewe katika zamu kwa muda.

Tatu, nusu ya wajumbe wa kamati wawe wanawake, na fedha ya wapishi ilipwe mikononi mwa wapishi wenyewe. Ikipitia kwa waume zao tutakuwa tumebadili mnyonyaji tu. (Naona akina mama wanapiga vigelegele, wanaume nao wapige makofi.)

Nne, daftari la fedha lisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi, na mtu yeyote awe na haki ya kuuliza.

Tano, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutoke na majembe kutengeneza njia ya maporomokoni na uwanja wa mpira, tusingoje msaada. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tusio wageni hapa tulishike tangu siku ya kwanza.

Uhuru uliwashwa juu ya mlima huu usiku wa baridi kali, na mtu aliyeubeba mwenge alipanda kwa miguu yake. Hakuna atakayetupandisha sisi. Mgeni aje, tumpokee kwa adabu, tumlishe, tumwongoze, atulipe haki yetu, aende kwa amani. Lakini jua likizama, shilingi yake ilale hapa.

Uhuru na Kazi!